Ukuta Alioubomoa Gordon

Tangu Februari mpaka Juni nilipika katika chumba cha mbele, juu ya kabati la vitabu, kwa birika la umeme na jiko la sahani moja. Sasa ni Julai. Vumbi limeingia kwenye sukari, kwenye viatu, kwenye miwani yangu ya kusomea, na nikikohoa natoa nyumba. Nina miaka sabini na miwili. Mtu mwingine akiniambia "mwishowe utafurahi tu, Avril," nitampeleka kwenye kile choo cha plastiki walichokisimamisha uani, akafurahi humo yeye kwanza.

Nyumba yenyewe ni ya mwaka 1891, moja katika safu ya nyumba ishirini na nne zilizoshikana ubavu kwa ubavu hapa Leeds. Chumba cha mbele, chumba cha nyuma, jiko ambalo watu wawili hawapishani, ngazi kali, vyumba viwili juu, na ua wa mawe. Ilijengwa enzi za Malkia Victoria kwa watu wa viwanda vya nguo, ambao nadhani walikuwa wembamba sana. Tuliinunua mwaka 1977. Gordon alikuwa fundi wa mabasi, kijana wa mikono mikubwa na kichwa kigumu, na siku tuliyopewa funguo alisimama ukumbini akasema, "Hakuna fundi wa mtu atakayekanyaga humu, Avril. Mikono ninayo."

Na kweli hakukanyaga fundi. Bomba likivuja, Gordon. Paa likivuja, Gordon. Hakuna mlango katika nyumba hii unaofungwa bila kuinuliwa kidogo na goti, na nimeinua kwa goti hili hili miaka arobaini na saba.

Lazima niseme hakuwa peke yake. Pasaka huku kwetu ni siku nne za mapumziko, na mwanamume mwenye nyumba haendi kutembea. Anakwenda dukani kununua misumari. Miaka ile ya sabini kila mtu mtaani alitaka nyumba ya kisasa, na usasa wenyewe ulikuwa kila kitu kiwe bapa. Gordon alipigilia mbao nyembamba juu ya milango yenye nakshi ili iwe bapa. Akafunika vigae vya rangi vya ukumbini kwa zulia la kahawia. Leo binti yetu Gaynor analipa watu wafukue kila alichofunika baba yake, na huo nao unaitwa usasa.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa Pasaka ya mwaka 1979. Zamani kila chumba kilikuwa na mahali pa kukokea moto, na nguzo pana ya matofali iliyobeba dohani ilipanda toka chumba cha nyuma chini, ikapita chumba chetu cha kulala, ikapita darini, ikachomoza juu ya paa. Nguzo hiyo ilikuwa inakula nafasi. Gordon aliivunja siku nne mfululizo, chini na juu, kwa nyundo kubwa aliyoazima karakana, nami nikabeba kifusi kwa ndoo mpaka mikono ikanitoka malengelenge. Jumatatu jioni palikuwa na ukuta mmoja mnyoofu, umepakwa lipu, unateleza. Majirani walikuja kuutazama. Gordon alisimama kando yake na kikombe cha chai kama bwana harusi, na mimi, niseme ukweli, nilimwonea fahari.

Hayo yalikuwa zamani. Miaka miwili iliyopita nyonga yake iliharibika, halafu mapafu. Sasa namvisha soksi. Namwinua kitini, nampandisha ngazi mbele yangu nikiwa nimemwekea mkono mgongoni, kana kwamba akianguka mimi nitamzuia. Mwezi wa Novemba nilisinzia nimesimama, pasi mkononi, nikaunguza shati lake la kanisani. Nimechoka. Sijui namna nyingine ya kulisema. Nimechoka asubuhi kabla sijashusha miguu kitandani.

Gaynor alinipigia simu Jumapili baada ya hilo shati. Ni mtoto wetu wa pekee, ana miaka arobaini na miwili, anafundisha kemia sekondari.

"Mama, nisikilize usinikatize," akasema. "Nauza fleti yangu. Tuongeze nyumba kwa nyuma: jiko kubwa lenye mwanga, bafu huko huko chini, na kiti cha umeme cha kumpandisha Baba ngazini. Mimi nakuja kukaa chumba cha juu cha mbele. Tutasaidiana."

Nilipokata simu nilikaa kwenye ngazi nikalia vizuri. Alitoa masharti mawili tu: awe fundi wa kweli, na Baba asiguse hata msumari. Fleti ilipata mnunuzi upesi. Alitakiwa kuikabidhi mwisho wa Juni.

Gordon alinuna wiki nzima. Siku ya nane akasema sawa, lakini naye ana sharti. Chumba chetu cha kulala, kile cha juu nyuma, kisiguswe. Ukuta usiguswe, dari isiguswe, mtu asiingie. Nilidhani mzee anataka abaki na sehemu moja ya kujidai. Nikasema haya.

Fundi aliitwa Lyndon, mtu wa hapa hapa, mpana, mwenye mzaha, anayekunywa chai yenye sukari vijiko vitatu. Alikuja na wenzake wawili na kontena la kifusi, na toka siku ya kwanza Gordon aliweka kiti chake cha kukunja mlangoni mwa jiko, akakaa na pima maji yake ya mbao mapajani.

"Hilo tofali limelala," Gordon anasema.

"Limelala wapi, mzee?"

"Kushoto."

Lyndon anaweka pima maji yake mwenyewe. Kipovu kinakaa katikati.

"Mzee Gordon, hiyo yako ina maji kweli, au mama alikutilia chai?"

Wenzake wanacheka. Gordon hacheki. Ilikuwa hivyo kila siku iliyoletwa na Mungu. Mimi napita katikati yao na trei ya vikombe, nahesabu wiki kichwani, nasema biskuti hizo hapo jamani.

Mwezi wa Mei walifika kwenye kazi yenyewe: kuvunja ukuta wa nyuma wa jiko na kuweka boriti ya chuma ibebe nyumba ya juu. Siku walipoanza kupima, ufa ulitokea kwenye dari ya chumba chetu cha kulala. Mrefu, mwembamba, karibu na ule ukuta wa Pasaka. Niliuona mimi nikitandika. Nilimwita Lyndon bila kufikiri, naye alipanda, akautazama, akaugonga ukuta kwa kidole. Hakufanya mzaha hata mmoja.

Akashuka mpaka kwenye kiti cha Gordon.

"Mzee, dohani ya chumba hiki uliivunja mpaka wapi?"

"Imevunjwa."

"Ndiyo, nimeona. Nauliza juu. Darini kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi nifungulie ule mlango wa darini nichungulie. Naona umepigiliwa misumari, halafu ukapakwa rangi juu yake."

Gordon akaiweka pima maji chini polepole. "Huwezi kupanda huko. Kuna popo."

Lyndon alinitazama. Nami nikatazama vikombe. Asiyeishi hapa anaweza kucheka, lakini huku popo ni wateule. Sheria inawalinda; ukiwasumbua darini unashtakiwa, na kazi inasimama mpaka mtaalamu aje, awahesabu, angoje wazae, wakue, waondoke. Hiyo ni mpaka Septemba.

"Popo," Lyndon akasema. "Miezi mitatu niko humu, nakunywa chai na wewe kila siku, leo ndiyo unakumbuka popo?"

"Hukuniuliza."

"Mzee wangu, usinifanye mtoto. Mimi siwezi kutoa ukuta wa chini bila kujua juu kuna uzito gani. Siwezi. Kama ni popo, naandika popo, nafunga vifaa Ijumaa, naenda kazi nyingine. Tutaonana majani yakianza kudondoka."

Akatoka uani kuvuta sigara. Nilimtazama Gordon, lakini yeye alikuwa anautazama ukuta. Wakati wa chakula nilimwambia, "Gordon, Gaynor anatoka kwake mwisho wa Juni. Akikuta nyumba haina ukuta wa nyuma atapanga kwingine, na akishapanga kwingine hatakuja tena. Unaelewa?"

"Kuna popo," akasema, akaendelea na mkate wake.

Hakukuwa na popo. Nimelala chini ya dari hiyo maisha yangu yote ya ndoa, ningewasikia. Mume wangu alikuwa ananidanganya usoni, mchana kweupe, huku ana jemu kidevuni, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata hasira ilikuja polepole.

Alhamisi gari la hospitali lilikuja kumchukua kwenda kupigwa picha ya nyonga. Nilimfunga skafu, nikampungia mkono mpaka gari likakata kona. Halafu nikarudi ndani.

"Lyndon," nikasema. "Hakuna popo. Fungua."

"Una hakika, mama? Akirudi atanichinja."

"Atanichinja mimi kwanza. Fungua."

Ilimchukua nusu saa kung'oa misumari. Ilikuwa mingi mno, imepangwa karibu karibu, mingine ya bati, mingine ya viatu. Alipanda na tochi. Nilisikia hatua zake juu, mbili, tatu, kisha hakuna. Halafu akasema kwa sauti ndogo, kama mtu aliye hospitalini, "Mama. Hebu panda ngazi mbili tatu uone. Usikanyage kokote. Tazama tu."

Nilipanda na magoti yangu haya. Alimulika. Ile dohani ilikuwepo. Gordon aliivunja chini, akaivunja chumbani kwetu, na iliyobaki, toka darini mpaka juu ya paa, alikuwa ameiacha ikining'inia. Matofali meusi ya masizi, mapana kuliko kabati la nguo, yamekaa juu ya mbao mbili na kipande cha mlango. Niliujua ule mlango. Rangi ya kijani. Ulikuwa wa jiko letu la kwanza.

"Ni uzito gani?" nikauliza.

"Tani moja na nusu. Labda na zaidi." Akamulika chini. "Na iko juu ya kitanda chenu."

Alishuka, akawaita wenzake, wakatoa kitanda nje bila kuniuliza. Wakasimamisha nguzo za chuma kutoka sakafuni mpaka darini, wakiongea kwa kunong'ona, kana kwamba yale matofali yana masikio. Mimi nilikwenda kukaa kwenye ngazi. 

Gordon alirudi saa tisa. Alikiona kitanda kimeegemezwa ukumbini, akasimama na fimbo yake. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwa upole. Nilidhani atashtuka, nilikuwa hata nimeweka vidonge vyake karibu. Hakushtuka.

"Mmefungua," akasema.

Hapo nikajua kwamba alikuwa anajua.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Alikwenda kukaa kwenye kiti chake cha kukunja, akageukia uani. Siku hiyo hakusema tena neno. Wala kesho yake. Nimeishi na ukimya wa Gordon miaka mingi na kwa kawaida naupisha kama mvua, lakini huo ulinifanya nitamani kumrushia birika.

Gaynor alikuja Ijumaa moja kwa moja kutoka shuleni. Lyndon alimwonyesha picha kwenye simu. Aliitazama muda mrefu, akamrudishia simu, akaja kusimama mbele ya kiti cha baba yake.

"Baba. Ulijua?"

Gordon akaivuta fimbo yake karibu.

"Baba, nakuuliza wewe. Nimelala kwenye hiyo nyumba miaka kumi na minane. Ulijua?"

Gordon alikuwa anakwangua kitu kwenye mpini wa fimbo kwa kucha.

"Sawa," Gaynor akasema. "Mama, samahani. Siwezi. Siwezi kutoa kila nilicho nacho nije niishi na mtu ambaye yuko radhi tufe sote kuliko kumwita fundi. Amwambie Lyndon mwenyewe, kwa mdomo wake, alichofanya, na amwombe arekebishe. Amwombe. Asipofanya hivyo mpaka mkaguzi wa majengo aliyeitwa na Lyndon aje Jumatatu, natafuta fleti nyingine. Wewe njoo tukae wote ukitaka."

"Na baba yako?"

"Baba ana mikono," akasema, akaondoka.

Jumamosi na Jumapili tulilala kwenye makochi chumba cha mbele, kati ya mifuko ya saruji na kabati la vyombo. Nilimvisha soksi zake. Nilimkatia nyama. Niliwaza fleti ya Gaynor, iliyo safi, yenye lifti, na nikajikuta nafikiria jinsi ningelala huko siku tatu mfululizo bila mtu kuniita. Sioni aibu kusema. Halafu nikafikiria Gordon peke yake kwenye kiti cha kukunja, nikamkasirikia zaidi kwa kunifanya nimfikirie.

Jumatatu mkaguzi wa majengo wa halmashauri alikuja saa nne, mwanamke mrefu mwenye kofia ngumu na kalamu nyuma ya sikio. Lyndon alimpandisha darini, na mkaguzi akashuka akiwa amepauka kidogo. Tulisimama wote chumba cha nyuma, Gaynor naye, aliyeomba ruhusa shuleni. Gordon alikuwa mlangoni kwenye kiti chake.

"Kazi hii ilifanyika lini?" mkaguzi akauliza. "Na nani aliyeifanya?"

Nilimtazama Gordon. Alikuwa anatazama sakafu. Nikaona shingo yake ilivyokuwa nyembamba ndani ya kola, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Waliotutangulia," nikasema. "Sisi tuliikuta hivi hivi."

Ndio uongo wa kila mwenye nyumba nchi hii. Hakuna aliyewahi kuharibu nyumba yake. Zote zimeharibiwa na waliotangulia. Mkaguzi alishausikia mara elfu, akaanza kuandika. Gaynor aliguna kwa uchungu, akachukua mkoba wake mezani.

"Futa hiyo," Gordon akasema.

Mkaguzi akasimamisha kalamu.

"Waliotutangulia walikuwa bibi mmoja na dada yake. Hawakugusa kitu. Ni mimi. Pasaka ya sabini na tisa, Ijumaa mpaka Jumatatu."

"Na huko darini uliiacha kwa nini?"

Gordon alifikiri, kama mtu anayetaka kujibu sawasawa. "Jumatatu ilikuwa imekwisha. Jumanne nilikuwa na zamu."

Hakuna aliyecheka, ingawa nilimwona Lyndon akiuma mdomo.

"Sikujua kama inabeba," Gordon akaendelea. "Niliona imekaa, nikadhani imekaa. Mwaka uliofuata jamaa mmoja karakana akatusimulia nyumba ya shemeji yake, iliyowaangukia. Nikarudi nyumbani, nikapanda, nikaona. Nikaweka mbao. Sikuwa na hela ya chuma. Halafu mtaa mzima ulikuwa umekuja kunipongeza." Akapumua kwa shida. "Nikafunga mlango. Nikasema nitaitengeneza Pasaka inayofuata."

"Kwa hiyo nilipozaliwa ulikuwa unajua," Gaynor akasema.

"Nilijua."

"Kitanda changu cha utoto mlikiweka wapi?"

"Mlangoni. Mbali kabisa na ule ukuta. Nilipima."

Gaynor akaketi juu ya mfuko wa saruji na suruali yake ya kazini. "Na Mama?"

Gordon alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Mama yako nilimhamishia upande wa dirisha. Mimi nikachukua wa ukutani. Dohani iko upande wa ukutani."

Nilikumbuka siku ile. Aliniambia mwanga wa dirisha unamuumiza macho, tubadilishane. Nilikuwa na miaka ishirini na minane na nilidhani amenichoka.

"Tani moja na nusu, Gordon," nikasema. "Ulidhani ikianguka itachagua? Itakupiga wewe, mimi iniruke?"

"Sikuwa na la kufanya."

"Ulikuwa na simu!"

"Ningekuambia, ungeita fundi."

"Ndiyo!" Nilipiga kelele mpaka mkaguzi akarudi nyuma. "Ndiyo, Gordon! Ningeita fundi!"

Nikaanza kulia, kisha Gaynor, naye alikuwa analia na kucheka pamoja, kamasi zinamtoka. Mkaguzi alitoka uani kutazama mifereji ya maji ambayo haikumhusu. Gordon alishika fimbo, akajiinua. Kwa kawaida namsaidia. Siku hiyo nilimwacha. Ilimchukua muda mrefu kusimama wima, na aliposimama alimgeukia Lyndon.

"Bwana Lyndon," akasema. Akaegemea fimbo. Akaanza tena. "Bwana Lyndon, nilikosea. Naomba unitengenezee."

Nilingojea mzaha. Lyndon alikuwa na haki ya kutoa hata ishirini. Alivua glavu, akampa mkono.

"Nitakutengenezea, mzee," akasema.

Walishusha dohani tofali moja moja, kuanzia juu ya paa, siku sita. Gordon alikaa uani akiyatazama yakija kwa ndoo, hakusema lolote limelala kushoto. Boriti ya jiko ikaingia baadaye. Ukuta wa nyuma ukaja, kisha paa la vioo, na mwisho wa Juni Gaynor alifika na maboksi thelathini na moja na paka ambaye hatukuambiwa habari zake. Bafu halijakwisha. Vigae vya ukumbini vimefukuliwa nusu. Jana alimvisha baba yake soksi mbele yangu, nami nikakaa na kikombe cha chai mkononi, nikanywa tu mpaka ikaisha ingali ya moto.

Chumba chetu kilipakwa lipu mpya, na leo mchana Lyndon na mwenzake walirudisha kitanda. Gordon alipanda kwa kile kiti cha umeme, taratibu, akinung'unika kwamba kimefungwa upande. Aliingia, akaenda moja kwa moja kukaa upande wake wa ukutani, akaanza kujivua viatu alale kidogo.

"Toka hapo," nikamwambia.

"Nini tena?"

"Hapo ni pangu sasa. Nenda dirishani. Lile dirisha ulilitengeneza wewe kwa mikono yako, linaingiza upepo toka mwaka themanini, na mimi nimelilalia kwa kofia ya sufu na soksi mbili miaka arobaini na minne."

Alitazama dirisha, akanitazama. "Lyndon anaweza kulirekebisha," akasema.

"Anaweza," nikasema. "Baada ya majira ya baridi."

Akahama. Nikalala ukutani, mahali alipolala yeye miaka yote hiyo akitazama juu, nami nikatazama juu. Palikuwa na joto.